Huyu Si Masika

Mtoto alikuwa ametimiza siku tisa na bado hakuwa na jina, na kila aliyepanda ngazi za nyumba ile ya Ilford, Uingereza, kuja kumwona alishuka akisema kosa ni la mama yake.

"Anaitwa nani?" wageni waliuliza wakishamaliza kusifu nywele.

"Bado kidogo," Jules alijibu, akicheka kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni.

"Ginevra," Marie-Claire alijibu papo hapo kutoka kitandani.

Wageni wakatazamana. Tantine Léocadie, shangazi yake Jules, alikuwa amehamia pale tangu siku ya uzazi ili amkande mzazi na kumwogesha mtoto. Alipiga makofi ya mshangao, wala hakujali nani anasikia.

"Ginevra! Jamani! Kama dawa ya kikohozi."

"Ni jina la Italia, tantine."

"Na Italia tuko na nani kule?"

Marie-Claire akainama, akamfunika mtoto miguu ambayo tayari ilikuwa imefunikwa.

Niseme mapema, maana asiye wa kwao hataelewa ugomvi huu. Hawa ni Wanande wa Butembo, mashariki ya Kongo, na Kiswahili chao ni cha huko, nami nitakiacha kilivyo. Kwa Wanande jina la nyumbani halichaguliwi, huhesabiwa. Binti wa kwanza wa mama ni Masika, wa pili ni Kavira, wa tatu ni Kavugho. Wavulana nao wana ngazi yao: Paluku, Kambale, Kasereka. Hata aliyekufa siku ya kuzaliwa anashika nafasi yake, wala anayemfuata haichukui. Hilo Jules na hilo Marie-Claire ni majina ya kanisani na shuleni, ya kupendezea. Ukitaka kumjua mtu, uliza lile la hesabu.

Basi hapakuwa na la kujadili. Mtoto ni binti, ni wa kwanza, ni Masika. Jules Kasereka alikwisha kuwatangazia watu wa kanisani. Alikwisha kumpigia mama yake Butembo, na kila jioni bibi yule alitokea kwenye simu, uso wake umejaa kioo chote, akipiga vigelegele: "Masika wangu! Mulete nimuone! Masika wa nyanya!" Marie-Claire alikuwa akiielekeza simu kwa mtoto na kugeukia ukutani.

"Tuelewane," Jules alisema siku hiyo wageni walipokwisha kuondoka. "Miye sina neno na Ginevra. Liwe la mbele, la shule. Masika liwe nyuma. Juu ya nini unakataa?"

"Ginevra peke yake linatosha."

"Peke yake? Kama mbwa wa Muzungu?"

"Jules."

"Nisamehe. Lakini Masika si jina la kupenda ao kukataa, Marie-Claire. Ni kama kukataa siku ya Jumatatu. Mutoto amekuja wa kwanza, basi."

"Nimesema si Masika."

Jules alikuwa mtu mpole, msafishaji wa mabehewa ya treni, na upole wake ulikuwa na ubaya wake: mtu hakujua aanzie wapi kugombana naye. Alikaa ukingoni mwa kitanda akamwangalia mkewe. Walikuwa na miaka miwili ya ndoa. Alimjua mkaidi wa chumvi ya mchuzi na mkaidi wa kipimo cha joto la nyumba, lakini ukaidi huu hakuujua. Serikali ya huku inakupa siku arobaini na mbili za kumwandikisha mtoto. Akasema moyoni kwamba mzazi ana yake, apumzishwe, hasira itapita.

Chini ya nyumba yao kulikuwa na duka la Kalpana, mama wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu, aliyeuza vitenge, nazi, kadi za simu, na keki zisizo na mayai ambazo aliwapikia majirani wote bila kubagua dini. Jules alimkuta ameshika mfuko wa sukari wa kuchorea keki.

"Haya, baba mtoto. Keki ya Jumapili niandike nini?"

"Karibu Masika."

"Masika ni mvua, si ndiyo? Kisumu tulikuwa tunaimba."

"Kwetu ni mutoto wa kwanza mwanamke." Jules akamweleza hesabu yote, akitumia vidole.

Kalpana alifurahi sana. "Kwa hivyo mkiitana tu barabarani, kila mtu anajua mama yako amezaa wangapi! Hakuna siri! Kwetu ni afadhali, dada wa baba ndiye anataja jina, na kama hampendi mama mtoto, basi analitaja baya." Akacheka peke yake, kisha akauliza, "Na mke wako amefurahi?"

"Anataka la Italia."

"Ah, wasichana wa siku hizi. Binti yangu mmoja ameita mtoto wake River. River! Mto! Nikamwuliza, mto gani, ule Nyando wa Kisumu?" Akafunga mfuko vizuri. "Lakini mwanamke akikataa kitu siku tisa, Jules, si mchezo huo. Mimi ningemwuliza tena, polepole."

Jules alisema atamwuliza. Hakumwuliza. Aliogopa jibu, ingawa wakati huo hakujua anaogopa nini.

Aliyeuliza ni Tantine Léocadie. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, Jules yuko kazini, na beseni la maji ya vuguvugu liko katikati ya sebule. Shangazi huyu alikuwa amemsaidia mkunga wa misheni kule Butembo miaka kumi na minne kabla vita havijamtoa. Mikono yake ilimgeuza mtoto bila yeye kutazama.

"Weye," alisema, "ulizaa kwa saa ngapi?"

"Tatu, tantine."

"Tatu. Na maziwa yakashuka siku ileile." Akamwagia mtoto maji mgongoni. "Mutoto wa kwanza anasumbua, binti yangu. Hajui njia. Huyu aliikuta njia imefunguliwa zamani. Niliona, nikanyamaza. Si kazi yangu kufunua sahani ya mutu. Lakini unakataa Masika kila mugeni akiingia, na watu wetu wanajua kuhesabu."

Marie-Claire akakunja taulo, akalikunjua.

"Mficha uchi hazai, na weye umekwisha kuzaa. Alikufa?"

"Hapana."

Mkono wa shangazi ukasimama majini. Alikuwa tayari kwa mtoto aliyekufa. Kwa hao alikuwa na maneno, alikuwa na wimbo, alikuwa na wa kwake wawili. Kwa huyu hakuwa na kitu.

"Yuko wapi?"

"Italia. Ni wa Libya, tantine, lakini nilizalia Italia." Hakueleza zaidi habari ya Libya, na Tantine Léocadie hakuuliza baba ni nani. Kuna mambo watu wazima hawaulizi. "Nilifika Sicilia na mimba ya miezi minane. Hospitali wakaniambia kuna sheria yao: unaweza kuzaa bila kuandika jina lako, mutoto akapewa watu. Nikasema ndiyo hata hawajamaliza. Siku ya kwanza sikumwangalia. Siku ya pili nikapita kwa kioo. Kila kitanda kilikuwa na karatasi: Rosalia, Noemi, Ginevra. Ginevra alikuwa pembeni yake. Karatasi yake yeye haikuwa na kitu. Siku ya tatu nikaondoka."

"Yezu Maria."

"Sasa walimpa jina. La kulekule, lakini sijui ni lipi. Nimejaribu yote, tantine. Nikiwa naosha wazee kazini nayataja kimoyomoyo, nione kama moja litaniambia ni miye." Alijifuta pua kwa mkono wa gauni. "Akifika miaka makumi mbili na tano anaweza kwenda kuuliza mahakama mama yake ni nani. Walinieleza. Siku hiyo akija, akute mudogo wake iko na jina la kule kama yeye. Asione kwamba huyu nilimpa kitu na yeye nikamutupa. Na asikute mutu anaitwa Masika. Atauliza ni nini Masika, watamwambia ni wa kwanza. Sasa yeye atakuwa nani?"

"Basi si umuite huyu Kavira, yaishe?"

"Nikisema Kavira nimesema yote."

Kweli. Tantine Léocadie alimtoa mtoto majini, akamkausha, akampaka mafuta kiungo kwa kiungo, akamfunga vizuri. Alichukua muda mrefu.

"Sikia neno la muzee," alisema mwishowe. "Muite Masika. Hakuna atakayekufa. Yule kule hakujui, na huyu hatajua. Bwana yako ni mutu muzuri, usimutie mawe tumboni."

"Weye ungeweza, tantine?"

Shangazi akampa mtoto wake.

"Nimesema weye ufanye. Sikusema miye ningeweza."

Jumapili ibada iliisha saa saba, na meza zikapangwa katika ukumbi wa shule ambao kanisa lao lilikuwa likikodi. Kulikuwa na wali, samaki wa chumvi, sombe ya majani ya muhogo, na keki ya Kalpana katikati, KARIBU MASIKA kwa sukari ya waridi. Kulikuwa na Wanande kama thelathini hivi, na Wakongo wa makabila mengine: Wabashi, Warega, na familia mbili za Kasai. Jules alivaa suti ya harusi. Alikuwa anagawa sahani za karatasi na kuchekea kila mtu.

Marie-Claire alikaa nyuma na mtoto kifuani. Alikuwa ameamua. Nafsi yake ilishuhudia kwamba alikuwa ameamua kunyamaza, aketi, atabasamu, keki iliwe, wiki ijayo aone.

Shemasi Déogratias akashika maikrofoni. Yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wa Jules wakati wa posa, na alijiona kidogo ndiye mwenye ndoa. Kwao mzazi huitwa kwa mwanawe, naye alitaka awe wa kwanza kumwita.

"Mama Masika!" akatangaza. "Mama Masika asimame tumuone!"

Na Marie-Claire akasimama. Alisimama kabla hajafikiri, kwa sababu ameitwa. Miaka sita hakuna aliyewahi kumwita jina lake hilo, na lilipomfikia miguu ilijibu yenyewe. Ukumbi ukashangilia. Akajikuta amesimama mbele ya watu wote na machozi yanamtiririka, na hapo uamuzi wake wote ukamwishia.

"Ni miye," alisema. Sauti yake haikuhitaji maikrofoni. "Mama Masika ni miye. Lakini huyu si Masika."

Wabashi walicheka kidogo, wakidhani ni mzaha. Mama mmoja wa Kasai alimnong'oneza mwenzake kwamba haya ndiyo majivuno ya Ulaya, mtu anakataa jina la kwao hadharani. Lakini Wanande hawakucheka. Mtu angeweza kuwahesabu kwa macho tu: kila aliyekuwa anatafuna akaacha.

Jules alikuwa amebaki na sahani tatu mkononi. Akazihesabu, moja, mbili, tatu, akaziweka mezani.

Mama mmoja mwenye nia njema akachukua kisu na kulikwangua jina kwenye keki, ili mambo yapoe. Watoto wakaila hivyohivyo, na kovu lake la waridi.

Walirudi nyumbani kwa miguu, Jules anasukuma kigari cha mtoto, Tantine Léocadie hatua kumi nyuma akijifanya viatu vinambana. Dukani Kalpana alipunga mkono kuuliza keki ilikuwaje. Wakapita. Walipofika kwenye ngazi Jules akasimama.

"Yuko wapi?"

"Italia."

"Amezikwa kule?"

"Hapana. Ni muzima. Iko na miaka sita."

Jules akakaa kwenye ngazi. Alikuwa amejiandaa kuomboleza njia nzima, maskini, alikwisha kuandaa hata maneno ya pole. Marie-Claire akamsimulia palepale, amesimama, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa ushahidi kituoni. Libya kwa sentensi moja. Kioo. Karatasi tupu. Siku ya tatu.

Alipomaliza, Jules alisema jambo ambalo hata yeye hakulitegemea.

"Papa Déogratias alikuuliza. Siku ya posa, mbele ya wazee. Binti, una mutoto mahali? Ukasema hapana. Miye niko nimekaa pale, nimevaa tai."

"Ndiyo."

"Ulisema hapana na ukatazama meza."

"Ndiyo. Ningesema ndiyo wangeuliza ni wa nani. Niwajibu nini, Jules? Wa mulinzi wa gereza ambaye sikumuuliza jina?"

"Ungeniambia miye! Wao waache. Miye!"

"Lini?"

"Siku yoyote! Miaka miwili ina siku ngapi?"

"Kila siku nilisema kesho," alisema Marie-Claire. "Unajua kesho. Na ulikuwa muzuri kwangu, niliogopa."

Jules akanyanyua kigari na mtoto ndani yake, akapanda navyo. Usiku huo alichukua kochi, na Tantine Léocadie akahamia chumbani.

Ikawa wiki nne za adabu. Ni heri wangepigana. Jules alimletea mkewe uji asubuhi, akauweka, akasema "Uko hapa," akaondoka. Alinunua nepi. Alimbembeleza mtoto dirishani akimwita "mama," kwa sababu hakujua amwite nini. Barua ya miadi ya kuandikisha ilipofika aliisoma, akaibandika kwenye friji. "Nitakuja," alisema. "Ni mutoto wangu, nitamuandikisha miye mwenyewe." Marie-Claire hakujua ataandikisha jina gani, na hakuthubutu kuuliza. Alijua tu kwamba likiandikwa Masika limeandikwa, na yule mwingine hatakuwa na pa kukaa duniani. Kila alipopita jikoni aliikuta barua pale, akaisoma tena tarehe.

Kanisani hakwenda. Wanawake wawili walimpigia simu kumwambia wanamwombea, na jinsi walivyoliburuta hilo neno ungedhani amekamatwa na polisi.

Jules alikuwa akisafisha viti. Kazi ya mabehewa ni nzuri kwa mtu mwenye mawazo. Unafuta, unasogea, unafuta. Aliwaza uongo ule wa posa na uchungu ukampanda upya. Kisha aliwaza jina lake. Alikuwa Kasereka, wa tatu, na nyumbani kwao walikua wavulana wawili tu kabla ya wasichana: Paluku na yeye. Utotoni watoto wenzake walimtania, Kambale wenu mulimuuza wapi? Kambale alikuwa kijikaburi nyuma ya jiko.

"Tantine," aliuliza jioni hiyo, shangazi akimenya viazi. "Kambale wetu aliishi siku ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na mama hakumruka."

"Amruke namna gani? Weye ungeitwa Kambale! Ungetembea duniani umevaa nguo ya mwenzako."

Jules akavuta kiti. Akachukua kisu cha pili, akamenya naye.

"Lakini yule alikuwa wa baba yangu," alisema.

"Kumbe ndiyo inayokuuma." Tantine Léocadie akatupa kiazi sufuriani, maji yakaruka. "Mutoto anahesabiwa kwa tumbo, Kasereka. Hahesabiwi kwa suruali. Ingekuwa suruali, nusu ya Butembo ingekosa namba."

Jules alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka kwa puani. Lakini usiku ule bado alilala kwenye kochi.

Siku ya arobaini na moja walikaa bega kwa bega katika chumba kidogo cha halmashauri, mtoto mapajani mwa mama. Msajili alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kibandiko cha jina kifuani, Harjit, na sauti iliyozoea watu wasiolala. Alizungumza Kiingereza taratibu, kwa wema.

"Hongereni. Jina la kwanza la mtoto?"

"Ginevra," Marie-Claire alisema, akalitaja herufi kwa herufi. Jules hakupinga.

"Zuri sana. Ana jina la kati?"

Marie-Claire alimtazama mumewe. Mumewe alitazama mashine ya kuchapa.

"Basi tutalirudia," alisema Harjit, ambaye alikuwa ameona mengi. Akaenda kwenye tarehe, mahali, kazi ya baba, kazi ya mama. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Mtoto alipiga chafya na wote watatu wakamtakia heri, kila mmoja kwa lugha yake.

"Hili la mwisho ni la takwimu tu," msajili alisema. "Haliandikwi kwenye cheti, wala mtu hatalisoma na jina lenu. Kabla ya huyu, mama amezaa watoto wangapi?"

Marie-Claire akamvuta mtoto kifuani. Serikali ya Waingereza, inayoacha mtu amwite mwanawe mto au mji, nayo kumbe inahesabu! Na Jules, pembeni yake, aliliona vizuri lile pengo walilopewa. Angesema hakuna. Ingeandikwa sifuri, ya siri, ya takwimu, na baada ya sifuri ni Masika, na Butembo wangepiga vigelegele, na shemasi angerudishiwa heshima yake. Ilikuwa rahisi mno. Alimwona mkewe anafungua kinywa, na hakujua kitasema nini, na akatambua kwamba hataki mkewe aulizwe swali hilo tena mbele ya meza yoyote akiwa peke yake.

"Mmoja," alisema Jules.

"Mmoja," msajili akarudia, akabonyeza.

"Msichana."

"Hilo hatuhitaji kulijua, bwana."

"Najua. Ni msichana." Akajisogeza mbele kitini. "Na jina la kati la huyu ni Kavira. Andika. K, A, V, I, R, A."

Marie-Claire alilia, tena kwa sauti, bila kujifunika uso, na Harjit akasukuma boksi la karatasi laini kwa kiwiko, huku anaendelea kuandika.

Nje kulikuwa na benchi. Jules alikuwa na cheti mkononi, lakini hakumpa mkewe mkono wala hakumkumbatia. Yalikuwa hayajaisha baina yao, na hakuna aliyejifanya yameisha. Alitoa simu. "Lazima tumwambie mama," alisema. "Akisikia kwa watu itakuwa mubaya." Akaweka sauti ya wazi.

"Masika wangu!" ikasema simu.

"Mama. Tumemuandikisha. Anaitwa Ginevra Kavira."

"Nani?"

"Kavira, mama."

"Kasereka, nimesikia muzuri? Kavira?"

"Ndiyo, mama."

Mama aliyezaa tisa na kuzika watatu hahitaji kufafanuliwa hesabu. Ilisikika sauti ya jogoo, na mtu akitwanga kwa jirani. Jules aliona sekunde zinakwenda kwenye kioo.

"Na Masika yuko wapi?" bibi akauliza.

Marie-Claire akanyoosha mkono, akaitoa simu vidoleni mwa Jules.

"Ni miye, mama. Masika yuko Italia. Nilimzaa mbele ya kumujua mutoto wako, nikamwacha kule. Walimpa watu. Ni muzima."

Akafumba macho akasubiri. Alisubiri laana, au simu ikatwe. Alikuwa amesubiri hivyo miaka sita.

"Italia," bibi alisema polepole, kama anayepima umbali. Akavuta pumzi. "Na kule anakula muzuri?"

Marie-Claire akafungua kinywa kujibu.

"Sijui, mama," alisema. "Sijui."